Usukani Niliouhamisha Kwenye Lori la Mama Yusta

Jumanne, tarehe 12 Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka, na imekatika saa nne hivi. Wingu bado limekaa juu ya Biharamulo na nguo za jana hazijakauka.

Kichwa cha lori kimo ndani ya friza la jirani yetu Mama Zuhura, anayeuza juisi za barafu. Nimekifunga kwenye kifuko cha plastiki cha mkate na kukilaza juu ya samaki. Kitakaa humo mpaka saa nane. Ni lori dogo la plastiki, refu kama kiganja na nusu, la kuunganisha kipande kwa kipande. Mwenye lori, Mama Yusta wa Nyakisasa, yuko jikoni na mke wangu wanachambua maharage. Kesho asubuhi anapanda basi kwenda Mwanza kuhamia kwa binti yake, kuhama kabisa, na amepitia kwangu kuchukua kitu hiki kimoja. Nami nimekikosea. Nikikivunja katika kurekebisha, hakuna kingine.

Kwa hiyo naandika, mikono isije ikaenda kufungua friza kabla ya wakati.

Ninyi wanafunzi wa bodi na rangi mnamjua mwalimu wenu Editha. Huyo ni binti yangu. Tangu mwaka jana ananiambia, "Baba, waandikie yale unayonisimulia." Nikamjibu mimi ni darasa la saba, nitaandika nini cha kusomwa na watu wa chuo? Akasema, "Andika kama unavyoongea, koma nitaweka mimi." Basi mkiona koma zimekaa vizuri, mshukuruni yeye. Ufundi wenyewe sina hakika kama ninaujua sana. Ninachojua vizuri ni makosa, kwa sababu nimeyafanya mengi.

Kazi yangu ilikuwa kunyoosha bodi na kupiga rangi, kwenye gereji moja nyuma ya soko. Aliyenifundisha ni Mzee Abeid. Babu zake walikuja hapa kutoka pwani na biashara ya vitambaa, ndugu zake wote wana maduka, yeye akapenda nyundo. Alivaa kanzu hata akiwa chini ya gari, na sikuwahi kuiona na doa. Mimi nilikuwa na ovaroli na madoa mpaka masikioni.

Haya magari madogo yalitujia kwa bahati. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alileta gari lake tulipige rangi apate kuliuza, na ndani ya gari akasahau boksi, au alituachia, mpaka leo sijui. Lilikuwa na vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu, na karatasi ya michoro. Mzee Abeid akalifungua, akatazama, akasema, "Gari hili halina kutu wala dereva mbishi. Tuliunde."

Tulidhani vipande vya kiwandani vitakaa vyenyewe. Havikukaa. Mlango ulikuwa mpana kuliko nafasi yake, boneti ilibenuka kama kigae, na chini ya kioo cha mbele pakabaki mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti. Mimi nikafanya nilichozoea. Nikachota puti, ule ugoro mzito wa kuzibia bodi, nikaziba kila mahali. Asubuhi Mzee Abeid akaliinua kwa vidole viwili, akaniita kwa kabila langu kama kawaida yake.

"Wewe Msubi, hili ni gari au andazi?"

"Ni gari, mzee."

"Ukilichovya kwenye chai litaumuka."

Nilikaa wiki nzima nakwangua. Na hilo ndilo la kwanza ninalowaambia: puti hailetwi mpaka ujue kwa nini pana mwanya. Mwanya una sababu. Mara nyingi kipande hakikukataa kukaa pale unapopaona, kimezuiwa na kijipele kidogo upande usiouona. Ondoa kijipele, mwanya unajifunga wenyewe.

Kukitafuta kijipele hicho, Mzee Abeid alitumia masizi na grisi kwenye milango ya magari makubwa. Anapaka ukingo, anafunga, anafungua, anatazama masizi yamegusa wapi. Kwenye gari dogo grisi inaharibu, kwa hiyo nikachukua wanja wa mke wangu. Unapaka kidogo, unabana, unaachia. Palipopata weusi ndipo pa kugusa kwa tupa, tena kidogo tu, mara mbili au tatu, halafu unajaribu upya. Mke wangu aligundua wanja unapungua na akaniuliza, mbele ya wageni, kama siku hizi ninajipamba nikienda gereji. Tangu hapo nina wanja wangu. Dukani pale nikiomba wanja wananicheka, na mimi nacheka nao.

La pili ni kuunga kavu. Kabla ya tone la gundi, gari lote lisimame bila gundi, limefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Liache mezani hata siku mbili. Pita, litazame ukiwa unakwenda kunywa maji. Kasoro ambayo hukuiona ukiwa umeinama utaiona ukiwa unapita.

Boneti iliyobenuka hunyooshwa kwa maji ya moto, yale ya kukuunguza kidogo kidole, yasiyochemka. Unaichovya, unaibonyeza juu ya kioo, unaipoza hivyohivyo. Mimi niliwahi kuchovya matairi manne na mabampa pamoja, akaja mtu tukasalimiana, tukaulizana habari za shamba, na niliporudi kwenye sufuria bampa moja lilikuwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Mke wangu hakutaka sufuria ile irudi jikoni. Alikuwa na haki.

Na mwanya wa kweli, ule usio na kijipele, uzibeni kwa supa gluu iliyochanganywa na poda ya mtoto. Inakauka upesi, inapigika msasa vizuri, hainywei kama puti. Lakini msiiache mpaka kesho yake, itakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na msasa utakula pembeni.

Kuhusu lawama niseme kidogo, maana hapa nina deni la moyoni. Siku moja kioo cha pembeni hakikuonekana kwenye boksi jipya. Mzee Abeid aliwasema watu wa kiwanda kile maneno makali, kwamba ni wavivu, kwamba hawakulelewa, na mimi niliongeza yangu. Jioni alipovua viatu aende kuswali, kioo kilikuwa kimenasa kwenye soli ya kandambili yake. Tulitazamana. Akasema, "Tumewasengenya watu bure, na hatuna hata namba yao ya simu." Siku hizi kipande kikipotea naangalia kwanza miguu yangu.

Gari lile la kwanza aliliona mwalimu mmoja wa udereva, akataka mengine ya kuweka kwenye meza yake aliyoichora njia panda, wanafunzi wayasukume kwa mkono wajifunze nani anatangulia. Hapo ndipo nilipopata kazi ya pili. Moja la magari hayo niliona magurudumu yake yametokeza nje mno, si kama lile halisi. Nikakata ekseli. Likapendeza kabisa, na halikwenda hata inchi moja, matairi yalikuwa yanasugua bodi. Mzee Abeid akasema, "La kutazama umelipata, la kutembea umeliua." Sikumwelewa vizuri wakati ule. Nilidhani ananitania. Alikuwa ananiambia niulize gari ni la nini kabla ya kulisahihisha.

Laiti ningemwelewa, kichwa cha lori kisingekuwa kwenye friza leo.

Bega liliponikatalia nyundo nilistaafu yale makubwa, nikabaki na madogo hapa barazani. Mambo yamebadilika. Editha ananionyesha picha kwenye simu, anazikuza kwa vidole mpaka unaona nati. Wapo wanaochapa vipande kwa mashine. Mimi siwaonei wivu, au labda kidogo.

Sasa lori. Mwezi wa nane Yusta alinipigia simu kutoka Mwanza. Baba yake, Mzee Filbert, alikuwa na lori la kubeba ndizi na maharage kutoka Kibimba na Nyakisasa kuleta huku. Alipofariki liliuzwa, likakatwa vyuma. Yusta alipata boksi la lori la aina ileile, akalinunua, akalituma kwa basi pamoja na picha moja. Akasema, "Fundi, mama hataki kuhama. Amesema atakuja Mwanza, lakini anatazama ukuta. Nataka awe na kitu cha baba." Baadaye Mama Yusta mwenyewe alinipigia. "Lolote usilolijua niulize, usione haya." Nikasema sawa. Sikuuliza hata moja.

Boksi lilikuwa na kasoro, hilo naliandika bila kuonea mtu. Kichwa hakikukaa sawa kwenye chesi, ule uti wa chini wa gari, upande mmoja ulinyanyuka. Mstari wa mlango ulikuwa nyuma mno. Matairi yalikuwa madogo. Kwenye picha pembeni ya lori lipo pipa, na pipa sote tunalijua kimo chake, kwa hiyo nikapima tairi la kwenye picha kwa lile pipa, nikajua yanatakiwa yawe makubwa kiasi gani, nikayazungushia utepe wa tyubu mpaka yakafika. Mstari wa mlango niliuziba nikachora mwingine. Bampa nililipinda kidogo, kwa sababu kwenye picha limepinda. Juu ya kioo nikaandika YUSTA kwa brashi ya nywele tatu. Kazi hizo naweza kuzitetea.

Lakini boksi lilikuwa limeweka usukani kushoto. Nikacheka peke yangu. Nikasema hawa wa mbali hawajui kwetu usukani uko kulia. Kwenye picha kioo cha mbele kimejaa mwanga wa jua, ndani hapaonekani, nami sikuona sababu ya kuhangaika. Nikaikata dashibodi vipande vitatu, nikavigeuza, tundu la kushoto nikaliziba, nikatoboa la kulia. Ilikuwa kazi safi. Nilijisifu siku mbili, nikamwita hata mke wangu aje aone pasipoonekana kiungo.

Mama Yusta alifika jana na basi la Ngara, begi moja na kikapu. Amenizidi umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mmelala na mvua na huku?"

Alipokunywa chai nikafunua kitambaa. Akavaa miwani. Akagusa bodi, akagusa jina la mtoto wake, akacheka. "Hata bampa! Hilo alilipiga kwenye kichuguu, akasema ni kichuguu kilichomfuata." Halafu akainama kuchungulia ndani ya kichwa cha lori. Akaweka kidole kwenye dirisha la kulia.

"Na mimi nimekaa wapi?"

"Hapo kushoto, mama."

"Kushoto alikaa Filbert."

Mimi, kwa sauti ya mtaalamu, nikaanza kumweleza kwamba boksi lilikuja na kosa na nimelirekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Fundi, lori lile alilinunua kwa mtu wa ng'ambo, Burundi. Usukani ulikuwa kushoto mpaka siku tunaliuza."

Nikakaa.

"Barabara yetu unashika kushoto," akaendelea, anamwambia mke wangu sasa, si mimi. "Yeye akikaa kushoto anaona majani na mbuzi. Akitaka kumpita mtu, haoni kinachokuja mbele. Mwenye kuona ni mimi. Natoa kichwa dirishani, nasema bado, bado, bado, haya pita! Miaka yote. Watu wa Kibimba walidhani ananibeba nikauze ndizi."

"Na siku mkigombana?" mke wangu akauliza.

"Siku tukigombana sisemi kitu. Tunafika Biharamulo nyuma ya trekta."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Mimi sikucheka. Niliichukua ile picha. Pembeni kabisa, nyuma ya bodi, kuna mwisho wa maandishi mekundu uliokatwa na ukingo. Nilidhani ni jina la duka. Ni yale maandishi ya kuwaonya walio nyuma kwamba gari lina usukani wa kushoto. Wanangu, maandishi yale nimeyachora mwenyewe pale gereji, si gari moja wala mawili. Kila mtu wa upande huu wa mpaka anayajua. Nilikuwa nayo mezani miezi mitatu.

Mama Yusta aliponiona akaniambia, "Liache tu, baba. Ni zuri. Nani atajua?"

Angejua yeye. Angekaa nalo Mwanza, kila akilitazama anaona lori la mumewe ambalo yeye hayumo. Nikamwomba anipe siku ya leo. Akasema, "Siku moja ninayo. Mbili sina."

Supa gluu haivumilii baridi kali, inakuwa kavu kama biskuti. Ndiyo sababu ya friza. Naona inakaribia saa nane. Naacha hapa.

Naendelea, ni baada ya chakula cha jioni.

Nilikitoa kichwa cha lori, nikapitisha wembe kwenye kiungo, nikausokota. Kimya. Nikausokota tena, kikalia *ta!* na mke wangu akaweka mkono mdomoni. Paa lilikuwa limeachia vizuri, ila nguzo moja ya kioo ilikatika katikati. Nilitoka nje nikasimama uani kidogo. Nikarudi, nikapasha kipande cha fremu kwenye mshumaa, nikakivuta mpaka kikawa uzi, nikakata urefu wa nguzo. Mama Yusta akaja kunishikia tochi bila kuombwa. Hakuiondoa mpaka nguzo iliposhika.

Dashibodi niliikata palepale nilipoikata mwanzo. Chini ya poda yangu tundu la kiwanda lilikuwa linanisubiri, la duara, limekaa sawa kuliko langu. Nikalifungua kwa sindano ya moto, usukani ukaingia wenyewe. Nitaandika wazi ili isije ikasemwa vingine: katika jambo hili boksi lilikuwa sahihi na mimi ndiye kasoro. Mnaposoma kuhusu kasoro za boksi, na mtasoma nyingi kwenye simu zenu, ulizeni kwanza hilo gari lilikuwa la nani na lilipita barabara gani. Mtu wa kuulizwa mara nyingi yupo, na anangoja simu.

Dashibodi imebaki na makovu mawili. Safari hii sikuyaficha. Nilimwonyesha kabla ya kufunga paa.

"Naweza kuyaziba na kupiga rangi, mama, ila itakauka kesho mchana."

"Basi langu ni saa kumi na mbili asubuhi. Funga."

Nikafunga. Tukaliacha likae na tyubu zake kwa saa mbili, sote watatu tunapita mbele yake kama watu wanaochungulia mtoto aliyelala. Nilipozifungua, Mama Yusta akalichukua, akalinyanyua usawa wa uso, akachungulia dirisha la kulia. Hakuniambia ni zuri. Akageuka jikoni akaita, "Mama Editha! Acha hicho chungu, njoo nikuonyeshe nilipokuwa nakaa."

Mke wangu akaja na mikono inayochuruzika maji, akainama. Wakawa wanachungulia kwa zamu. Mama Yusta akawa anaonyesha kwa kidole: hapa ndipo nilipokuwa naweka chupa ya chai. Hapa miguu yangu, na kuku kama tuna kuku. Hapa nilikuwa naegemeza kiwiko, mlango ulipauka rangi mahali pake. Hapakuwa na chupa wala kuku, lakini mke wangu aliitikia kila kitu kama anayeviona. Mimi nilikuwa nakusanya vumbi la plastiki mezani, na nilikusanya muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

Tulikula ndizi zilizopikwa na maharage yale waliyochambua, na sangara kutoka friza la Mama Zuhura, ambaye alituletea na kubaki kula. Mama Yusta aliliweka lori mezani mkono wake wa kushoto, dirisha la kulia likamwelekea, akaomba aongezewe ndizi.